Mchezo Usio na Hodi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Chiriku wangu,

Kifurushi kimefika salama. Yule wa vifurushi wa huku stendi alinipigia simu nikiwa kwenye mashine, nikaenda na aproni yangu vile vile, mikono ina wanga wa mashuka, watu wa foleni wananiangalia. Nilijua ni ile dawa ya mgongo niliyokuomba. Nafungua, simu! Simu kubwa namna hii ya nini, mwanangu, na kisimu changu cha kitochi kinafanya kazi? Halafu kikaratasi: "Mama, ndani kuna gemu niliyotengeneza. Cheza uniambie." Basi. Hujasema umekula, hujasema unaumwa au huumwi, cheza uniambie.

Nimefurahi lakini. Usidhani sijafurahi. Nimemwonyesha Bi Mvuke, unamkumbuka, mwenzangu wa kunyoosha mashuka hapa dobi ya hospitali, yule anayeimba pasi ikifuka. Akasema, "Kumbe kazi ya mwanao ndiyo hii? Mimi wangu akicheza gemu namfukuza na mwiko, wako anaajiriwa!" Tukacheka mpaka msimamizi akatoka kutuangalia.

Sasa nijibu maswali yangu, na usiyaruke kama mara ile. Mapazia niliyokushonea yametosha? Nilikata kwa kukisia maana hukunipa vipimo vya dirisha. Kitambaa cha njano kiliniishia, ndiyo maana nikaongeza ule ukanda wa kahawia chini, usifikiri ni fasheni. Hicho chumba kinapata jua asubuhi au jioni? Mwenye nyumba ni mtu wa namna gani, ana maneno? Na mtaa gani, nyumba ipi? Mwaka mzima barua zangu nazielekeza ofisi ya vifurushi ya huko kwenu, utadhani nimezaa na kampuni ya mabasi. Mama anatakiwa ajue mlango wa mtoto wake una rangi gani.

Unalala wapi, Chiriku? Niandikie vizuri mpaka nione.

Na usiniambie nipige simu. Kwenye simu unacheka, halafu unasema uko kwenye kikao. Kwenye karatasi angalau nauona mwandiko.

Mama yako


Jumanne, tarehe 12 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikajikuta nimesimama wima kama niko kituo cha polisi. Punguza, Mama! Niko salama, nakula, siumwi. Dawa ya mgongo nimeiweka humu, paka asubuhi, usipake halafu ukakaa karibu na pasi.

Mapazia yametosha kabisa. Yananifaa sana, hasa siku za baridi. Mtaa wenyewe ni huu huu wa karibu na ofisi, nyumba hazina namba, hata nikikuandikia hutapata picha. Endelea na ofisi ya vifurushi, ndiyo rahisi.

Sasa gemu. Inaitwa Wageni. Tunaitengeneza wawili: mwenzangu, yule ninayemwita Mchoraji, anachora watu na majumba, mimi naandika maagizo ya kuwafanya watembee, wachoke, waogope. Kuna mwanamke na mtoto wake. Hawana nyumba. Kila siku, kabla giza halijaingia, wewe unawatafutia pa kulala. Juu ya kioo utaona mistari mitatu: wa kwanza njaa, wa pili baridi, wa tatu aibu. Mmojawapo ukijaa, mchezo umekwisha. Hakuna bunduki, hakuna kukimbizana, hakuna wa kumpiga. Unagusa unapotaka aende, naye anakwenda.

Najua utauliza nani atacheza kitu cha huzuni namna hiyo. Hata Mchoraji aliniuliza. Tarehe 25 Mei kuna maonyesho ya gemu huku, tukipendwa tutapata watu wa kutusaidia tuimalize. Kabla ya hapo nataka wewe uicheze. Wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwanao,
Chiriku


Jumatano, tarehe 20 Machi

Chiriku,

Nimecheza. Mgongo umepoa, moyo ndio umeanza.

Siku ya kwanza tulicheza na Bi Mvuke saa ya mapumziko, ndani ya stoo ya mashuka, tumekalia marobota. Nikapata mkate mmoja pale dukani. Nikampa mtoto. Nikapata tena, nikampa mtoto. Mwanamke akaanza kuyumba, Bi Mvuke ananisukuma bega, "Mpe mama naye, mpe mama!" Mimi nampa mtoto. Mwanamke akaanguka. Yakaja maandishi, "Mchezo umekwisha." Nani kasema umekwisha? Mimi sijamaliza! Nikairudia mara sita, mara zote sita mwanamke akaanguka, na mara zote sita mtoto alikuwa ameshiba. Bi Mvuke akaninyang'anya simu, yeye akampa mwanamke mkate, mambo yakaenda. Nikamnunia mpaka saa ya kutoka.

Sasa nikueleze jambo, na usinicheke. Nilipoizima simu nikakumbuka nimewaacha kwenye lile jengo lisiloezekwa na ule mstari wa baridi umefika katikati. Nikawaza, nimezima taa nimewaacha pale. Nikaiwasha. Nikaiacha ikiwaka kwenye chaji siku nzima, nikaizungushia taulo lililotoka kwenye mashine, lina moto wake. Kila shuka kumi naenda kuangalia. Bi Mvuke akaniuliza, "Unaatamia?" Nikamwambia ndiyo.

Lakini Chiriku. Siku ya nne mtoto wa kwenye gemu akatoa kopo la maziwa ya unga, ndani vifungo vya nguo.

Nililijua lile kopo. Na benchi la wagonjwa nikalijua, na lile darasa nililokuwa nafagia, na hii stoo ambamo nimekaa nakuandikia. Wewe ulikuwa na miaka sita. Nilikuta kufuli jipya la mwenye nyumba mlangoni na vyombo vyetu nje, nikakwambia tunaanza mchezo, tutakuwa wageni, tutalala mahali pengi, na kila mahali tutakapoondoka bila kuacha hata alama nitakupa kifungo. Vifungo nilikuwa naviokota kwenye mashine za kufulia. Miezi saba. Nilidhani umeikumbuka kama mchezo. Nilimwomba Mungu uikumbuke kama mchezo. Leo naiona kwenye kioo, na mstari wa aibu mmeupaka rangi nyekundu, na mnataka kuwaonyesha watu kwenye maonyesho.

Sijakasirika. Sijui niko vipi. Nainuka nakaa, nainuka nakaa.

Halafu kuna kasoro, mwambie Mchoraji. Nyumba zina taa, watu wanaonekana ndani, wanakula, lakini huyu mwanamke anapita nje tu. Ipo nyumba moja ina mlango wa kijani. Nimeugusa ule mlango mpaka kidole kimeniuma. Haubishiki. Mchezo wenu hauna hodi.

Na bado hujaniambia unalala wapi.

Mama yako


Ijumaa, tarehe 29 Machi

Mama yangu mwatamia simu,

Nimecheka mpaka nimelia, nimemsomea Mchoraji naye akacheka, halafu akasema tumemaliza, hakuna mtu mwingine atakayeicheza vizuri kuliko mama yako. Ukiizima, Mama, wanasimama pale pale. Hawasikii baridi wala njaa mpaka uwashe tena. Pumzisha taulo.

Usiwe na aibu. Nilijua zamani. Siku tuliyopata chumba ulilala mchana kutwa, ukaamka ukanywa maji, ukalala mchana mwingine. Nilikaa pembeni yako na kopo langu nikawaza, mtu aliyekuwa anacheza hachoki hivi. Sikukuuliza kwa sababu ya sheria yetu. Unaikumbuka? Atakayesema "nimechoka" kwanza ameshindwa, anampa mwenzake vifungo vyote. Mimi sikusema. Wewe hukusema. Mpaka leo hatujui nani kashinda.

Naitengeneza kwa sababu nikiwaeleza watu kwa mdomo wananihurumia, halafu wanauliza jambo lingine. Mtu akiishika simu akawatembeza mwenyewe wale wawili, akahangaika, jioni inaingia na kila penye kivuli pana mlinzi, atajua ile ya miguu kukataa kutulia hata ukikaa. Huruma siitaki. Nataka ajue.

Hodi sikuiweka kwa sababu sisi hatukubisha popote. Na ule mlango wa kijani nimeuweka tu, nakumbuka sheria yake: tukipita pale, hakuna kusema neno, ukisema unapoteza kifungo. Sikuwahi kujua kwa nini.

Tumeongeza sehemu mpya. Mwombe Bi Mvuke akuunganishie intaneti, bonyeza alama ya kijani, itaingia yenyewe. Niambie kama inaeleweka.

Kazi nyingi, nakimbia.

Chiriku


Jumatatu, tarehe 8 Aprili

Mwanangu,

Sehemu mpya inaeleweka. Inaeleweka kuliko ulivyotaka.

Benchi nililala mimi. Darasa nilifagia mimi. Lakini hii ofisi siijui. Hapa hatujafika, mimi na wewe. Na humu mtoto hayumo, mwanamke yuko peke yake.

Anangoja wenzake waondoke. Anaingia chini ya meza ya pembeni, nyuma ya mashine ya kuchapa, maana mashine ile inabaki na joto kidogo. Anavua viatu, anaingiza miguu kwenye begi la mgongoni mpaka magotini. Alfajiri, saa kumi na moja na dakika arobaini, mlinzi anatikisa funguo kwenye korido. Anaamka. Ananawa chooni kwa sabuni ya maji ya mikono, anainama chini ya ile mashine inayopuliza upepo wa moto, anakausha nywele na kwapa. Halafu, na hapa ndipo nilipoweka simu chini, anatoka kwa mlango wa nyuma, anazunguka jengo mara mbili, anaingia kwa mlango wa mbele na kusema "habari za asubuhi" kama mtu anayetoka kwake.

Mimi sina shule, Chiriku, niliishia darasa la nne. Lakini nimelala nje miezi saba, na nakwambia, ile ya kuzunguka jengo mara mbili hakuna anayeibuni. Mara moja angeweza kubuni. Mara mbili ni mtu aliyeona kwamba mara moja haitoshi, uso bado una alama za zulia.

Na amejifunika kitambaa. Cha njano. Nikakivuta kioo kwa vidole viwili kama Bi Mvuke alivyonifundisha, picha ikawa kubwa. Chini kina ukanda wa kahawia.

Kitambaa kiliniishia, mwanangu. Niliuongeza ule ukanda kwa mkono wangu.

Nimekuuliza kwa utani, nimekuuliza kwa ukali. Sasa nakuuliza nikiwa nimekaa chini sakafuni. Unalala wapi?

Mama yako


Jumatatu, tarehe 15 Aprili

Mama,

Ni gemu. Wanaotengeneza gemu wanafanya utafiti, wanauliza watu, wanaangalia. Mchoraji aliyaona mapazia siku niliyoyafua, akaipenda rangi. Basi.

Hata ingekuwa vingine, wewe ulinificha miezi saba ukaniita mchezaji hodari, na ukaona umenilea vizuri. Mimi nikisema niko salama, kwa nini isitoshe?

Zimebaki wiki tano na siku chache kabla ya maonyesho. Siwezi kumaliza kazi huku najibu maswali. Usiniandikie kwanza. Nitakutafuta mimi.

C.


Ijumaa, tarehe 26 Aprili

Kwako ndugu wa ofisi ya vifurushi, huko huko barua hii ilikofikia,

Hunijui, lakini jina langu umeshalisoma mgongoni mwa bahasha nyingi. Mimi ni mama wa yule msichana mrefu, mwenye begi la mgongoni, anayechukua barua zangu kwenu. Nilimwandikia tarehe 17, basi likarudi na barua yangu, wameandika juu haijachukuliwa. Simu yake haipatikani. Nimeunguza koti la daktari kwa mawazo, na miaka kumi na tisa sijawahi kuunguza hata leso.

Naomba barua hii niliyoiweka ndani usiirudishe hata ikikaa mwezi. Akija, mpe mkononi. Na samahani kwa ninalokuomba, wewe una kazi zako: mwangalie viatu. Uniandikie viko vipi. Mtoto akikudanganya kwa mdomo, viatu havijui kudanganya.

Ni mimi, mama yake


Ijumaa hiyo hiyo, tarehe 26 Aprili

Chiriku,

Umenikataza nisiandike. Nimejizuia siku mbili, nikaandika, ikarudi. Hii nimeiandika mara nne. Bi Mvuke ananishikia zamu, anasema niandike tu, makosa utayanyoosha wewe.

Maneno yako ni ya kweli. Nilikuficha. Lakini ulichokigundua siku ile nimelala siku mbili ni nusu. Nusu nyingine hujui, na hakuna aliye hai anayeijua isipokuwa mimi.

Ule mlango wa kijani ulikuwa wa mama yako mkubwa.

Dada yangu, marehemu sasa. Wewe ulimfahamu baadaye, alipokwisha kuhamia kule mbali na mumewe, ndiyo maana hukuunganisha. Lakini miezi ile yote alikuwa anakaa mitaa miwili tu kutoka hospitali. Vyumba viwili na sebule, godoro la wageni limesimama nyuma ya kabati. Tulikuwa tunapita pale karibu kila siku, nimekushika mkono, namsikia ndani anamgombeza mtu kwenye simu. Nilikwambia ni sheria ya mchezo, hapa hakuna kusema neno. Niliogopa utasema, dada atasikia, atatoka.

Unajua kwa nini? Kwa sababu alinikataza kuolewa na baba yako, nikamwambia mbele ya watu kwamba sitakanyaga kwake hata nikose pa kulala. Baba yako akaenda zake, nikakosa pa kulala. Neno langu ndilo likawa limesimama pale mlangoni, si yeye. Basi nikakulaza kwenye saruji, mwanangu, kwenye vumbi la chaki, kwenye benchi lenye harufu ya dawa, ukapata kile kikohozi, na mitaa miwili kutoka hapo kuna godoro limesimama nyuma ya kabati. Haikuwa kwamba dunia nzima ilifunga. Mimi sikubisha.

Alikuja kujua baada ya miaka mitatu, mimi mwenyewe nilimwambia. Hakunitukana. Alilia, akaniuliza, "Mlango wangu uliuonaje, wewe, una meno?"

Halafu nikakuona unakua hodari. Hulii. Huombi. Ukianguka unainuka kabla sijafika. Majirani wananisifu, mtoto wako jasiri, mimi naitikia asante. Sikujua kwamba ile sheria yangu umeondoka nayo ukiwa mtu mzima, unaishi nayo. Nilidhani tuliiacha na kopo. Wewe upo chini ya meza huko, kitambaa cha dirisha ndicho blanketi, na bado unangoja mimi niseme kwanza.

Sasa sikiliza.

Nimechoka.

Nimeandika mwenyewe, kwa kalamu, na Bi Mvuke ni shahidi. Nimechoka, Chiriku. Nilichoka siku ya kwanza, kabla jua halijazama, pale pale kwenye vyombo vyetu. Kila siku ya ile miezi saba nilikuwa nimechoka. Na mwezi huu nimechoka kuliko ile yote. Mimi ndiye niliyesema kwanza. Nimeshindwa, vifungo vyote ni vyako. Kopo lipo juu ya kabati, sijawahi kulitupa, vipo mia na tisini na vitatu, na kile kikubwa cha koti ulichokuwa unakipenda kipo.

Chumba changu unakijua. Kitanda kitatutosha, na kisipotutosha mimi nalala vizuri tu chini, nina mazoezi. Usiniletee habari za maonyesho kwamba kwanza umalize. Umalize ukitaka. Lakini ulale.

Nilichocheza mwezi mzima ni picha, nikaizungushia taulo la moto, na wewe mwenyewe ulikuwa na baridi. Nikiliwaza hilo natembea chumbani kutoka ukutani mpaka mlangoni.

Mama yako


Alhamisi, tarehe 2 Mei

Mama, shikamoo,

Mimi si ndugu, ni dada, ila haidhuru, wote wanadhani mizigo inapokelewa na wanaume.

Amekuja jana. Nilimwita mimi, nilimwona anapita upande wa pili wa barabara, akataka kujifanya hakusikia, nikamfokea kwa kipaza sauti cha abiria, "Mwenye begi, kuna barua ya mama yako!" Stendi nzima ikageuka. Alikuja mbio kwa aibu.

Viatu: cha kulia soli imefunguka mbele, amekifunga kwa gundi ya karatasi, ile pana ya kufungia maboksi. Cha kushoto kizima. Vimesafishwa.

Aliisoma amesimama. Halafu akakaa kwenye benchi letu la mizigo, akairudia. Nilimpa chai, akasema hataki, nikamwambia sikukuuliza, akanywa. Alikaa mpaka tulipofunga. Hakulia, kama unataka kujua. Alikuwa anahesabu kitu kwa vidole, sijui nini. Nilipovuta geti akaniuliza basi la asubuhi linaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa mbili kasoro. Akasema anauliza tu.

Samahani kwa mwandiko, naandikia juu ya gunia la mtu.

Dada wa vifurushi


Jumanne, tarehe 7 Mei

Mama,

Shikamoo.

Nyumba niliyokuwa nimepanga chumba iliuzwa mwezi wa kumi na moja. Tulipewa siku tatu. Nilijiambia ni wiki moja tu, nitapata kwingine, halafu nikajiambia ni mwezi mmoja tu, halafu nikaanza kuandika gemu, na nikiandika ikawa kama si mimi. Chini ya meza, nyuma ya printa. Uliyasoma yote sawasawa, hata alama za zulia. Mapazia yalipofika sikuwa na dirisha.

Mlinzi nilidhani namkwepa. Juzi nilimwambia nataka kuondoka kidogo, akanijibu, "Afadhali, dada, maana mimi zamu yangu inaisha saa kumi na moja, nachelewa basi langu kila siku ili nikutikisie funguo." Miezi sita, Mama. Nilikuwa nazunguka jengo mara mbili kumdanganya mtu anayeniamsha.

Mchoraji naye alijua. Ile picha ya kitambaa aliichora bila kuniuliza, akaiweka ndani, nikaiona nikanyamaza, naye akanyamaza. Nadhani alitaka mtu aione. Nadhani na mimi nilitaka, ndiyo maana nikakutumia wewe kwanza. Kusema sikuweza. Nikijaribu, nasikia vifungo vinagongana kwenye kopo.

Sasa mlango wa kijani. Nimekasirika siku tatu. Nimekasirika kwa ajili ya yule mtoto na kikohozi chake. Halafu nikahesabu milango niliyoipita mimi tangu mwezi wa kumi na moja bila kubisha. Wa Mchoraji. Wa mwalimu wangu. Wa rafiki yangu wa chuo, ambaye sebule yake naijua. Wako, mwendo wa saa sita kwa basi. Vidole vya mikono miwili havikutosha. Basi nikaacha kukasirika, au nimeahirisha, tutaona nikifika.

Maonyesho Mchoraji ataanza kuyaandaa peke yake. Nimemwachia kazi moja ambayo sikuimaliza. Nilikaa kuiandika hodi. Ni jambo dogo, maagizo ya mistari michache: ukigusa mlango, mwanamke anasimama, anainua mkono, anabisha. Niliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mchoraji akaja nyuma ya kiti changu, akauliza, "Sawa. Akishabisha, kinatokea nini?"

Nimekaa mbele ya kioo mchana mzima. Sijui, Mama. Sijawahi kubisha.

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi, nitafika kwako kama saa nane mchana. Usije stendi kunipokea, nakujua. Usisimame dirishani. Kaa ndani, ufunge mlango, uweke na komeo.

Nimechoka.

Chiriku